Tabaka Juu ya Sinia Tupu

Austin, kijana wa kompyuta kutoka mtaa wa Gatina, aliniahidi kwamba akinitengenezea tovuti, mtu wa Ujerumani ataona kazi yangu akiwa kwake. Ataionaje, na mimi niko huku mtaani kwetu Kambi Muru? Nilimuuliza mara tatu, na kila jibu lilinichanganya kuliko lililotangulia. Binti yangu Ruweida akaniambia niache maswali.

Mimi nasuka tabaka, vile vifuniko vya sinia vya rangi ambavyo sisi Wanubi hufunikia chakula cha wageni. Mama mmoja Mjerumani aliiona moja kwenye maonyesho, akaandika kwamba anataka sitini, ila kwanza aone nyingine kwenye intaneti, zikiwa juu ya sinia kama tunavyozitumia. Sitini! Miaka thelathini ya kusuka, sijawahi kuagizwa hata kumi kwa pamoja.

Basi Austin akaja na kamera. Kwetu, ukimfunikia mgeni sinia tupu umemtukana, kwa hiyo nikapika gurusa, zile chapati zetu nyembamba, maharagwe na nyama mpaka unga wote ukaisha. Nikapanga masinia sita, kila moja na tabaka yake, nikaingia ndani kuswali adhuhuri. Nilipotoka alikuwa ameshamaliza kupiga picha, anakula. Nikafurahi.

Ijumaa tukaenda na Ruweida mjini, kwenye saiba, lile duka la intaneti Austin anakofanya kazi. Picha ilishuka polepole kutoka juu ya kioo cha kompyuta. Nikaona ukuta wangu, kisha gurusa. Picha ya pili, maharagwe. Ya tatu, nyama. Nikadhani tabaka zimebaki nyuma ya kile kioo, nikainama kuchungulia.

"Tabaka ziko wapi?"

"Zile vifuniko? Nilizitoa, mathe. Zilikuwa zinaficha msosi. Si unauza msosi?"

Sikujua nicheke au nimchape. Wiki mbili tumezungumza habari ya kazi yangu, na sikuwahi kumwambia ni kazi gani. Kambi Muru nzima inajua! Ningemwambia vipi mtu kitu ambacho kila mtu anakijua?

Picha alikuwa ameshaziweka kwenye tovuti, na barua ya yule mama ilikuwa imeshafika. Ruweida akanisomea: chakula kinapendeza sana, lakini yeye anatafuta ususi, na asipouona kufikia Jumatatu atanunua kwa wengine.

Tukarudi nyumbani na Austin saa hiyohiyo, jua likiwa bado lipo. Unga haukuwepo hata wa uji. Nikayapanga masinia yaleyale, matupu, nikayafunika moja moja. Sikutaka jirani yeyote apite.

Austin akatayarisha kamera yake. Halafu, kwa mazoea na njaa ya safari, akainua tabaka ya kwanza. Akaangalia sinia, akaniangalia mimi. Tangu niolewe sijawahi kuona aibu namna ile.

"Funika," nikamwambia, "halafu upige."