Mahari ya Maneno Kumi na Mawili

Siku ya Alhamisi, tarehe 15 Januari mwaka 2026, baada ya sala ya alasiri, mahari ya binti yangu Ummkulthum ililetwa nyumbani kwetu Jang'ombe. Ilikuja katika sinia lililotandazwa asumini, na juu ya asumini hizo hapakuwa na kitu kingine ila bahasha moja nyembamba.

Bahasha hiyo ilikuwa imeshazungumzwa kwa wiki tatu. Mchumba, Haitham, anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja huko Fumba, na mshahara wake huingia kwa sarafu ya kidijitali. Alituomba atoe mahari kwa sarafu hiyohiyo, yenye thamani ya dola elfu moja na mia mbili, ya aina iliyofungamanishwa na dola ili isipande wala kushuka ovyo. Shemeji yangu Machano, ambaye ni ami yake bibi harusi na ndiye walii wake wa ndoa tangu baba yake afariki, hakupendezwa. Alikuwa karani wa shehena bandarini Malindi kwa miaka thelathini, na hakuamini kitu kisichopita mkononi kikatiwa saini. Aliuliza ni mahari gani hiyo ambayo hata ukiiangusha haitoi sauti.

Haitham alimjibu kwa adabu kwamba hata fedha zilizomo ndani ya simu zetu hazitoi sauti, na kila siku tunanunulia mchele. Akasema itafika siku mkulima wa mwani wa Paje atalipwa na mnunuzi wa ng'ambo kwa dakika moja, bila ya dalali kukata chake njiani. Machano akamwambia siku hiyo ikifika aamshwe. Mwalimu Mcha, aliyetakiwa kufungisha ndoa, alisema yeye anachotaka ni mahari ijulikane kiasi chake na imfikie mwenyewe. Ummkulthum akasema ameridhika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Katika ukoo wetu, sinia likifika, mahari husomwa kwa sauti mbele ya wanawake wote, ili wawe mashahidi na asitokee mtu baadaye wa kusema kwamba binti alitolewa bure. Miaka yote kazi hiyo waliifanya wengine, kwa kuwa mimi sikujua kusoma. Niliingia darasa la kisomo cha watu wazima miaka miwili iliyopita. Safari hii wanawake wakanikabidhi mimi bahasha.

Niliifungua. Hamkuwa na tarakimu ya fedha wala jina la mtu. Mlikuwa na maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yameandikwa kwa mkono, moja chini ya jingine. Maana zake sikuzijua, lakini herufi nilizijua, basi nikayasoma silabi kwa silabi, kwa sauti iliyofika barazani. Kila neno lilipotoka, vigelegele vilipigwa.

"Kumbe mahari siku hizi ni imla," akasema jirani yetu, Bi Rahila.

Mwengine akasema yeye aliolewa kwa neno moja tu, nalo lilikuwa "haya". Tukacheka sana. Nikasoma mpaka la kumi na mbili, kisha nikakaa.

Punde Ummkulthum akaniita chumbani, alikokuwa amewekwa ndani tangu Jumatatu bila ya simu, kama inavyompasa bibi harusi. Mikono yake ilikuwa imejaa hina mbichi.

"Mama, umesoma vizuri," akaniambia. "Sasa niletee simu yangu na hiyo karatasi, na usimwambie mtu."

Hapo ndipo aliponieleza. Maneno yale hayakuwa maelezo ya mahari. Yalikuwa ufunguo wake. Ayajuaye, popote alipo, anaweza kuichukua fedha yote, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika wala mkubwa wa kuirudisha. Yeye alitambua nilipofika neno la tatu. Nikamuuliza kwa nini hakunizuia.

"Nyumba ilikuwa imejaa watu, mama, na wewe ulikuwa unasoma."

Nikamletea simu na karatasi. Wakati huohuo Zuleikha, mke wa jirani, akaingia kunionyesha video aliyonipiga. Alikwisha kuituma katika kundi la wanawake wa mtaa, na walioitazama walikuwa zaidi ya mia. Tulimwomba aifute. Akaifuta bila ya kuuliza, akidhani naona haya kwa matamshi yangu.

Kwa kuwa mikono ya mwanangu ilikuwa na hina, mimi ndiye niliyeandika maneno yale katika simu, herufi moja moja, huku akinielekeza. Mtandao ulikuwa mzito. Tulisogea dirishani, tukasubiri. Fedha ilipotokea, ilikuwa kamili. Watu zaidi ya mia walikuwa wameshikilia ufunguo, na hakuna aliyejua mlango uko wapi.

Ilibaki kuihamishia mahali papya, penye maneno mapya. Nilinyoosha kidole niendelee kuandika.

"Hapa geuka, mama," akasema.

Aliunawa mkono wa kulia kabla hina haijashika rangi, akamaliza kazi mwenyewe. Nilimgeuzia mgongo, na sitaficha kwamba niliumia. Lakini nikiwa nimeukabili ukuta nilikumbuka mahari yangu. Aliipokea baba yangu mwaka 1998, akanunulia mabati ya nyumba yake. Hakuwa mtu mbaya, na nyumba ilikuwa inavuja. Ila mimi, niliyetolewa mahari ile, sikuishika hata noti moja.

Baada ya magharibi akaja Machano. Alisema apewe ile karatasi aiweke katika kabati lake, kwa kuwa yeye ndiye walii na mambo ya namna hii hayafai kuachwa mikononi mwa watoto. Ningeweza kumpa na asijue kitu. Ummkulthum hakukubali adanganywe.

"Karatasi hiyo haina kitu tena, ami. Kilichokuwemo nshakihamisha."

"Umekihamishia wapi?"

"Kwangu."

Machano akasema, "Ukiyasahau hayo maneno yako, usije kwangu."

"Nikiyasahau, ami, hakuna wa kumwendea. Nimelijua hilo kabla sijakubali."

Siku ya pili, kabla ya kufungisha ndoa, Mwalimu Mcha aliwatuma mashahidi mlangoni kwetu kumuuliza Ummkulthum kama mahari yake imemfikia. Akajibu kwamba imemfikia yote. Machano, aliyefuatana nao kwa kuwa ndiye walii, akarudi kushuhudia hivyo msikitini.

Sijui kama sarafu hii itadumu. Najua kwamba ni fedha isiyomhurumia aliyekosea, na nilikaribia kumpotezea mwanangu haki yake mbele ya vigelegele. Najua pia kwamba ni mahari ya kwanza katika ukoo wetu ambayo hakuna aliyeweza kuishika ila mwenyewe. Nakuomba wewe unayesoma, umpe habari hii mama mwengine anayemuoza binti, na kama hajui kusoma, msomee.