Saa Ambayo Papa Modeste Aliyaona Maji

Mke wangu Bénédicte alianza kujifunza kuandika programu za kompyuta akiwa na miaka thelathini na tisa, na mtu wa kwanza kumcheka nilikuwa mimi. Nalisema hili mapema, kabla hamjalisikia kwa wengine.

Wakati ule alikuwa na sekretaria hapa Kimanga, kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, ubavuni mwa karakana yangu ya useremala. Wanafunzi walimletea kazi zao za kumaliza masomo awachapie. Mmoja alikuja na kurasa arobaini za programu. Kompyuta yake ilikuwa imekufa na alibakiwa na karatasi tu. Bénédicte akachapa kila mabano na kila nukta. Alipomaliza hakumwacha kijana aondoke.

"Hii alama nikiitosha, isiwepo, itakuwa nini?"

"Programu haitatembea, mama."

"Juu ya nini?"

Kijana hakujua sababu. Basi Bénédicte akaamua kujua yeye mwenyewe. Kwa miaka mitatu alisoma kwenye simu, kati ya mteja mmoja na mwingine, kisha kwenye kompyuta ya kazi. Nikamwita kwa jina la mtoto wetu: "Mama Alliance, kwa umri huu?" Yeye akaendelea kusoma.

Mwaka huo wa tatu, baada ya mafuriko, watu wa mtaa wa Mulongwe, kando ya mto, waliunda komite ya kuuchunga mto. Papa Modeste, ambaye shamba lake liko juu huko mtoni, alikubali kuwa anasoma kimo cha maji kwenye nguzo niliyoichonga na kuipaka rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Angetuma rangi kwa simu, na watu wa chini wangeiona kwenye ukurasa wa intaneti. Prezidenti wa komite, Mama Georgette, akampa Lionel kazi ya kutengeneza ukurasa huo. Lionel alikuwa ametoka kumaliza masomo yake Bujumbura.

Siku mbili tu, ukurasa ukawa tayari. Lionel aliieleza akili bandia anachotaka, nayo ikamwandikia kila kitu. Ulikuwa mzuri, na mawimbi ya buluu yakicheza juu yake. Tulipiga makofi wote.

"Siku hizi mutu hana haja ya kujua kuandika programu," Lionel akatuambia. "Unaomba tu, inakuandikia."

Bénédicte alikuwa amekaa karibu nami. Mkutano ulipokwisha alimfuata Lionel akamwomba kitu kimoja: ampe hiyo programu aisome.

"Yote, Mama Alliance? Iko mingi sana."

"Yote."

Aliichapa kwenye karatasi, akaisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Siku ya tano akaingia karakanani nikiwa napiga randa.

"Papa Alliance, kule kwa Papa Modeste rezo ya simu iko nakatika, si ndiyo?"

"Kila mvua ikinyesha."

"Sasa akisoma maji saa nane, na rezo ikirudi saa tisa, ukurasa utaandika saa gani?"

"Saa nane."

"Hapana. Utaandika saa tisa, saa ambayo ujumbe ulifika. Na akituma jumbe tatu, zinaweza kufika zimechanganyika. Ile itakayofika mwisho ndiyo watu watakayoona. Maji iko kwenye nyekundu, ukurasa unasema kijani."

Niliweka randa chini.

Kesho yake tulifanya majaribio mbele ya komite. Papa Modeste alizima mtandao wa simu yake, akaandika kijani, njano, nyekundu, kisha akauwasha. Mara mbili ukurasa ulionyesha nyekundu. Mara ya tatu ukaonyesha kijani. Mama Georgette, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka mtoni, akaiinua simu yake wote waone.

Lionel hakubisha. Aliiuliza akili bandia palepale, nayo ikajibu kwamba kweli kosa lipo, ikaomba radhi.

"Juu ya nini haikusema tangu mwanzo?" akauliza Mama Georgette.

"Hakuna aliyeiuliza," Bénédicte akasema. "Kuuliza ndiyo kazi yenyewe."

Alisema taratibu, bila kumtazama Lionel, na nikampenda kwa hilo.

Walikaa pamoja siku nne pale kibandani. Bénédicte naye aliitumia akili bandia, ila hakukubali mstari wake hata mmoja kabla ya kuuelewa. Sasa kila rangi ilibeba saa ambayo Papa Modeste aliyaona maji, na ukurasa ulizipanga kwa saa hiyo. Ikipita nusu saa bila habari mpya, ukurasa ulitangaza kwa herufi kubwa: HABARI HII NI YA ZAMANI. Mawimbi ya buluu aliyafuta, ili ukurasa ufunguke hata kwenye simu dhaifu.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, mlimani kukawa kweusi. Huku chini yalikuwa manyunyu tu, watoto wakicheza mpira. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Kisha simu ya Mama Georgette ikaonyesha nyekundu, saa nane na dakika kumi. Akapiga filimbi. Watu wakatoa wazee, watoto, magunia na redio. Nilibeba bibi mmoja mgongoni, akinigombeza njia nzima kwamba mvua hakuna.

Maji yalifika kabla ya saa tisa. Yalibeba majiko, ukuta wa kanisa dogo na kuku wengi. Mtu hata mmoja hayakumpata.

Jioni ile Lionel alisimama mbele ya watu wote, akawasomea orodha ya jumbe jinsi zilivyofika. Zilikuwa zimefika pamoja, na ya mwisho ilikuwa ya kijani, iliyosomwa kabla ya nyekundu.

"Kwa ukurasa wangu wa kwanza," akasema, "tungekuwa ndani ya nyumba."

Watu wakageuka kumtazama mke wangu. Yeye alikuwa anakamua maji kwenye kitenge chake, na nilimwona akijizuia kutabasamu, akashindwa.

Sasa wakulima wa Lubarika wamekuja kuomba ukurasa kama huo kwa mifereji yao ya mpunga, na Lionel amehamishia meza yake kibandani. Mimi nimewachongea kibao kwa mbao ya mvule: BÉNÉDICTE, MTENGENEZAJI WA PROGRAMU. Bénédicte anasema herufi ni kubwa mno, zinasomeka kutoka barabarani. Nimemwambia nilizipima hivyo makusudi.