Neno Lililotaka Kumponza Mokeira

Mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha Itumbe. Mokeira aliteleza kwenye mteremko wa chai akaangukia mkono wa kulia. Mamake, Esnah, alipomfikia aliukuta umepinda kati ya kiwiko na kiganja, mahali pasipo na kiungo. Akaufunga kwa leso, wakapata gari hadi hospitali moja mjini Kisii.

Daktari Andrew, mgeni katika sehemu hizo, aliitazama picha ya eksirei akamwambia nesi kwa Kiingereza, "Prepare her for reduction." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Moyo wa Esnah ulipiga paa. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya msingi, lakini neno hilo alilijua. *Reduce* ni kupunguza. Bei hupunguzwa, sukari hupunguzwa. Sasa walitaka kumpunguza mwanawe mkono! Esnah alimkumbuka kaka yake Ochoki: aliingia hospitalini na mguu uliovimba, akatoka na magongo, mguu umekatwa, na hakuna aliyemweleza lolote mpaka alipozinduka.

Alitamani kumuuliza nesi, akaona haya. Akaketi, akasimama, akaketi tena. Mokeira alikuwa akiandikia mkono ule, akiwasukia wenzake nywele kwa mkono ule.

"Vaa viatu," alimnong'oneza kwa Ekegusii. "Twende Keumbu, kwa mzee anayeunga mifupa."

"Mama, naumwa. Siwezi kutembea."

"Utatembea."

Walifika kwenye ngazi. Hapo Mokeira akaishiwa nguvu, akayumba, mkono ukagonga ukuta. Ukemi wake ulijaza jengo zima. Esnah alimshika vidole, akashtuka: vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Daktari alikuja mbio. "Mama, unampeleka wapi? Mfupa unabana mshipa. Tukichelewa, vidole hivi vitakosa damu!"

"Hamumkati mwanangu! Nikate mimi kwanza!"

"Nani amesema kukata?"

"Wewe! Umesema *reduction*. Mimi pia nimesoma, daktari. Mnampunguza mkono."

Daktari alichuchumaa kando ya Mokeira, vidole vyake vikitafuta mapigo ya damu huku akisema upesi. "Mama, nisamehe. Neno hilo limetoka kwa Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuongoza kurudi. Kurudisha. Baadaye likatumika kwa wafalme waliowarudisha watu chini ya amri zao na kuwashusha, na kushusha kukazaa kupunguza. Watu wa mifupa tumebaki na ile ya zamani. Nataka kurudisha mfupa mahali pake. Basi."

Esnah alimkazia macho akitafuta uongo.

"Nitakuwepo ndani," akasema.

"Utakuwepo."

Mokeira alichomwa sindano ya usingizi. Nesi akamshika juu ya kiwiko, daktari akavuta, akavuta tena, jasho likimtiririka. Mfupa ulilia, Esnah akaisikia sauti yake. Akafumba macho, akaomba bila maneno.

"Mguse," daktari akasema.

Aliogopa kugusa. Alipogusa, vidole vilikuwa vimeanza kupata joto, kimoja baada ya kingine.

Plasta ya kufunga mkono ilipokauka, Mokeira alizinduka akaomba maji. Esnah alimnywesha, akamfunika shuka, kisha akatoka kwenda ukumbini kumpigia mumewe simu. Mume alipokea. Esnah alilia tu, na mumewe upande wa pili akawa anauliza, "Esnah? Esnah, kuna nini?"

"Wameurudisha," akasema hatimaye.