Sababu Tatu Zilifika Pasiansi

Upande wa kulia wa Ngosha ulikufa Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa amekaa kwenye kigoda anavaa mabuti ya mpira ya kazini. Buti la kushoto lilikuwa limeshaingia. La kulia halikuingia tena. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na mwaka ulikuwa wa tisini na sita.

Maneno nayo yalikwenda, likabaki moja. Ukimuuliza kama anataka uji, alijibu ndiyo. Ukimuuliza kama uji umemuunguza, ndiyo. Mkewe Odeta alimuuliza kama yeye ni askofu, akasema ndiyo, wakacheka wote wawili, Ngosha kwa nusu ya mdomo.

Hospitali walimpima siku tisa. Presha nzuri, sukari nzuri, sigara havuti. Daktari Nurudin hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Ni kiharusi, mama. Chanzo chake sikijui."

"Hukijui wewe, au hakipo?"

"Kipo. Huenda moyo una tundu dogo tangu azaliwe. Huenda unapapatika kidogo, halafu unatulia kabla hatujaupima. Huenda damu iliganda mguuni ikapanda juu. Sina mashine ya kuyaona hayo, na wenye mashine nao wakati mwingine hawaoni."

Odeta alishukuru, akamrudisha mumewe nyumbani Pasiansi.

Jumamosi saa nne asubuhi Sababu zilibisha hodi. Zilikuwa tatu. Tundu alikuwa mwanamke mfupi, mpole, rika la Ngosha. Alisema amekaa kwenye ule moyo tangu Ngosha azaliwe kule Kwimba, na hakuwahi kumsumbua. Mpapatiko alikuwa mwanamume mwembamba asiyeweza kukaa. Aliinuka, akatoka, akarudi. Alisema siku ya kipimo alikuwa ametoka kidogo. Wa tatu, Donge, alikuwa mzito, ananuka barafu na samaki.

"Mimi natoka mguuni," alisema Donge. "Kiwandani anasimama muda wa saa kumi na mbili kwenye maji baridi, anachuna minofu ya samaki. Kwenda kukojoa ni mara mbili. Nilizaliwa humo."

Odeta aliwapa benchi na chai. Kisha akauliza, "Sasa ni nani kati yenu?"

"Huenda mimi," alisema Donge.

"Huenda mimi nilimfungulia mlango," alisema Tundu.

Mpapatiko alikuwa nje.

Mchana alikuja shangazi Wilhelmina, dada wa baba yake Ngosha, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa anakaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Alikaanga kwenye nusu ya pipa, kwa kuni mbichi. Miaka sita ya moshi huo iliyafanya macho yake kuwa mekundu mpaka kwenye kope.

"Shikamoo shangazi," Sababu zilimwamkia.

"Marahaba. Nyie ndio mmenilemazia mtoto?"

"Huenda."

"Haya, kuleni. Huyu mwembamba atatuangukia hapa."

Alifungua gazeti, wakala mapanki. Ngosha alilishwa na shangazi mwenyewe, akitolewa miba mmoja mmoja kwa vidole.

Jumapili alifika Maige, kaka mkubwa wa Ngosha, kutoka Kwimba. Alimtemesha Ngosha mate kwenye vifaranga wawili, akawapeleka Kisesa kwa mfumu, yule mganga anayepasua kuku na kusoma nyama yake. Vifaranga wote wawili walisema mamoja: mwanamke, ukoo wa baba, macho mekundu.

Jumatatu jioni ukoo ulikaa uani. Sababu zilisimama zikaeleza, moja baada ya nyingine. Maige alizisikiliza mpaka mwisho.

"Nyie watatu hamjui hata kazi kafanya nani," alisema. "Huenda, huenda. Kuku hakusema huenda."

Wanaume walicheka.

"Shemeji, yale macho ni moshi," alisema Odeta. "Nenda pale ufukweni. Kila anayekaanga mapanki ana macho hayo."

"Basi wako wengi," alisema Maige. Akamgeukia mgonjwa. "Mdogo wangu, ni shangazi?"

Ngosha alimtazama shangazi yake. Mkono wa kushoto ulishika ukingo wa benchi mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Ndiyo," alisema.

Odeta alisimama. "Mume wangu, ni Maige?"

"Ndiyo."

"Ni kiwanda?"

"Ndiyo."

"Shemeji, usituvurugie kikao," alisema Maige. "Jibu la kwanza ndilo jibu."

Ngosha alisema ndiyo mara nyingine nne, bila kuulizwa, akilia. Shangazi Wilhelmina alimfuta mate, akakaza kanga. "Nimeacha mafuta motoni," alisema, akaondoka.

Jumatano saa kumi jioni watu watatu wenye mapanga walimkuta kwenye pipa lake. Karatasi ya polisi, mahali pa wahusika, iliandikwa hawajulikani.

Ngosha hakupona. Wiki iliyofuata kiwanda kilimtuma Shigela, mfanyakazi mpya, kuja kuchukua yale mabuti, kwa kuwa yalikuwa mali ya kiwanda na mguu wa Shigela ulilingana nayo. Donge alipomwona akamaliza chai, akamshukuru Odeta, akatoka nyuma ya Shigela. Mpapatiko alibaki, anaingia na kutoka. Tundu anasaidia kuosha vyombo.

Watoto wa nyumba ile humuuliza Ngosha kila mchana kama shangazi atakuja na mapanki. Hujibu ndiyo.

Gharama ya kiharusi kile ni hii: mkono mmoja, mguu mmoja, maneno yote ila moja, vifaranga wawili, ng'ombe dume mmoja wa Maige aliyegawanywa na watu watatu, na mwanamke mmoja wa miaka sitini na minane.