Majina Sita

Kompyuta ilikuwa ikisubiri majina sita, na Florentine aliondoa mikono kwenye vitufe kana kwamba vimepashwa moto. Mdogo wake, Wenceslas, alikuwa amependekeza waandike majina ya watoto wake mwenyewe, kwa mfano tu.

"Hapana, Wence. Mutu iko muzima, hatumutie fasi watu wanakufaka. Tutie wale walishakufa."

Florentine alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo, mjane wa mwaka mmoja, na hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Ndiyo sababu aliitwa. Wenceslas alikuwa ameachiwa mashine na mwalimu Mbelgiji aliyerudi kwao, pamoja na michezo miwili ya safari na vita, naye alitaka kuwafungulia vijana wa mtaa sebule yake waje kucheza. Yaya, yaani dada yake mkubwa, akielewa, alisema kwa utani, hata mbuzi wa jirani ataelewa.

Alimweleza tofauti ya michezo hiyo miwili. Mchezo wa kwanza una mtu mmoja anayezunguka nchi akiongea na wanakijiji. Akifa, unaanza tena pale ulipoachia. Huo ndio unaowafaa wanaoanza. Wa pili una watu sita wanaoshuka mapangoni, na anayekufa humo diski inamwandika palepale kuwa amekufa. Florentine alichagua wa pili bila kusita. Nani atasafiri peke yake, na ndugu anao? Basi wakaandika mama yao Berthe, wajomba wawili, shangazi wawili, na mbele kabisa, mwenye ngao, Basile, mume wake, kwa sababu alikuwa na mabega mapana.

Msimu ule alikuwa akishona sare za wacheza ngoma wa chama tawala kwa sherehe za Mei, vitambaa vya kijani tupu, na jioni alipita kwa mdogo wake na nyuzi bado zimemganda kwenye nguo. Alijifunza haraka. Basile alinunuliwa kofia ya chuma kabla ya wengine wote, na akitangulia mno aligombezwa. Wenceslas alimsikia dada yake akiongea naye taratibu, akajifanya anatafuta sigara. Florentine alikuwa na furaha, wala hakuificha.

Kwenye ngazi ya tatu ya pango walikuta majoka. Basile akaanguka, na jina lake likageuka jekundu.

Florentine aliuliza kama kuna dawa. Wenceslas akasema lipo hekalu. Kuhani anaweza kumfufua au kumgeuza majivu, ni bahati tu. Kisha akapunguza sauti.

"Lakini niko na kopi ya diski, Yaya. Ya juma ilipita. Tukiweka ile, Basile iko muzima."

Kazini, mshono ukienda kombo, Florentine huufumua, akapiga pasi, na hakuna anayejua. Aliliangalia jina lile jekundu. Alikuwa amewaweka wafu akidhani hawana tena cha kuogopa, na sasa ilikuwa kama siku ya matanga tena.

"Non. Nilishamuzika. Weka ile ingine."

"Ile ya mutu moja?"

"Ile ya mutu moja."

Wenceslas akabadilisha diski. Mashine ikakoroma, kioo kikawa cheusi, kisha ikauliza jina. Alisubiri atajiwe marehemu mwingine, walikuwapo wengi. Florentine akavuta kiti karibu. Kidole chake chenye alama za sindano kikatafuta F, kikaibonyeza, kisha kikaanza kuitafuta L.