Kopo Juu ya Kiboksi cha Moshi

Usiku wa jana niliota nagombana na kiboksi cha moshi, na tulikuwa tumeshapandishiana sauti.

"Mama Nakiete, umenifunika kopo la rangi," kilisema.

"Nitakufunika hata pipa! Napika makande, wewe unawatumia watu arobaini ujumbe kwamba kwangu kunaungua. Wamekuja na ndoo na matawi. Wamekuta makande."

"Wakala."

"Wakala yote! Ndiyo maana nakushuku."

Viboksi hivyo vya kugundua moto tulivifunga wenyewe kijijini, vimeundwa kwa simu mbovu. Changu kiko chini ya paa, kinatazama msitu wa misonobari. Ukingoni mwa msitu anakaa binti yangu Nakiete na kichanga cha wiki tatu. Baada ya aibu ya makande, kamati iliweka kanuni: kiboksi kikiona moshi, mwenye nyumba athibitishe kwa kubonyeza kitufe, ndipo ujumbe uende.

Mle ndotoni, moshi unabisha hodi. Umevaa koti, umebeba bahasha.

"Nimekuja kuthibitishwa," unasema.

"Nani kakutuma?"

"Kanuni."

Jiko langu sasa ni ofisi ya kata. Jembe limekaa mezani, linagonga mihuri bila kutazama watu.

"Mashahidi wawili," linasema. "Kiboksi na mtu."

"Kiboksi kimefunikwa," moshi unajibu.

"Basi hujaonekana. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimeshapita kwa Nakiete," moshi unasema kwa adabu. "Nitaanza na nepi alizoanika."

Naiangalia bahasha yake. Inaungua pembeni, polepole. Bado siuamini. Lakini nepi zile nimenunua mimi.

"Shahidi ni mimi," nasema.

"Umesoma?" jembe linauliza.

"Stashahada ya kilimo."

"Haya, weka dole gumba."

Wino ulikuwa wa moto.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Dole gumba langu lilikuwa jeusi kwa masizi. Jana tulikula mkate na chai ya chupa kutoka kwa jirani. Jiko halijawashwa tangu juzi, na mikono nilinawa kwa sabuni.

Nilitoka, nikapanda kigoda, nikaliondoa kopo. Taa ya kiboksi ikawaka nyekundu hapo hapo: kimeona moshi.

Nikabonyeza kitufe kwa dole lile lile. Simu zikaanza kulia nyumba hadi nyumba, bonde zima. Nami nikampigia Nakiete.

"Mbebe mtoto, shuka sasa hivi. Nepi ziache kambani."