Aliyepanga Nyasi

Vitalis alianzia kijitoni, akagongomea vigingi vya mkaratusi kimoja baada ya kingine huku akipanda mlima. Scholastica alikuwa chini ya mibuni, ameinama, anaokota buni zilizodondoka ili apate walau za kubadilisha na chumvi. Alipomwona shemeji yake anakanyaga mabua ya mahindi yake, alidhani kapotea njia. Misa ya arobaini ya mumewe Raimundi ilikuwa imesomwa Jumapili iliyopita tu.

"Habari za asubuhi, shemeji. Hapa unapima nini?"

"Napima shamba la marehemu kaka. Ukoo umeshakaa."

"Ukoo umekaa bila mimi?"

"Wewe una binti Mbamba Bay. Nenda kwa Herieth ukale samaki usipa wa ziwani, upumzike. Kuna aliyekufukuza?"

Akagongomea kigingi kingine.

Kule mlimani shamba hulimwa kwa ngolo, na ngolo ina watu wawili. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba mlima mzima. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile kwa udongo, mpaka mlima unajaa mashimo ya kukamata maji ya mvua. Jasho jingi liko kwenye jembe, lakini jina liko kwenye nyasi. Katika kijiji chao ugomvi wa shamba uliamuliwa kwa swali moja: nani alipanga nyasi?

Raimundi alikuwa hajapanga tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la kahawa akavunjika mgongo. Aliyepanga ni Scholastica, asubuhi, ukungu ungali mzito. Watu walipomuuliza alijibu, "Shemeji alikuja kutusaidia." Alidanganya ili mumewe asichekwe kilabuni kwamba analishwa na mke anayefanya kazi ya kiume. Vitalis naye, aliposifiwa kwa kumsaidia kaka yake, hakukana wala hakukubali. Alizinywa tu zile sifa pamoja na pombe. Kikulacho ki nguoni mwako, na Scholastica nguo hiyo aliishona mwenyewe.

Waliojua ukweli ni wanawake wa ngokela, wenzake wa kulimiana kwa zamu. Kila Machi walipokuja kuchimba kwake waliona mikono yake ilivyochanwa na nyasi, wakanyamaza kwa ajili yake.

Baridi ya Juni ndiyo iliyowaingiza katika banda la video. Nurdini, mwenye duka gulioni Matiri, alikuwa na banda nyuma ya duka. Jioni lilikuwa la wanaume na mpira, lakini mchana lilikaa tupu. Akina mama wa ngokela walipomaliza kuuza walijibanza mlangoni kukwepa upepo, naye akawaambia waingie bure, kuliko kumzibia wateja.

Kwenye runinga kulikuwa na milima mitupu, na wanawake wenye bunduki.

"Kaka Nurdini, hawa ni watu wa wapi?" aliuliza Gaudiosa, aliyekuwa kiongozi wa ngokela na rafiki wa Scholastica tangu kipaimara.

"Wakurdi, mama. Watu wa milimani. Nchi zimewagawana, wao wenyewe hawana."

"Na waume zao wako wapi?"

"Wapo, nao wanapigana. Ila hawa wamekataa kusubiri kutetewa."

Wanawake wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wale wa kwenye filamu walikuwa wanachimba handaki kwenye mteremko, wamejipanga mstari, wanaimba, na aliyechoka alipokewa sururu na mwenzake bila neno. Ilikuwa ngokela kabisa. Mmoja, msichana wa kitambaa cha maua, alipigwa risasi mchana kweupe akifuata maji. Wenzake walimzika palepale mlimani. Walisimama wote, wakaita jina lake, na kila alipoitwa waliitika wao.

Gaudiosa alilia waziwazi, kamasi na yote.

Nurdini alikuwa nazo nyingi za namna hiyo, na kila gulio waliomba nyingine. Wimbo wa handakini ukahamia kwenye mashamba yao, bila maneno, sauti tu. Scholastica yeye alihamiwa na yule msichana. Alimwona ameketi karibu na mafiga, kitambaa kina udongo. Alimwona kwenye mibuni. Hakumwogopa. Lililomtisha ni vile msichana alivyomtazama, kama anayengoja kuitwa.

Siku moja, wakitoka bandani, aliwaambia wenzake kwamba kesi ya shamba inakwenda kwenye baraza la ardhi la kijiji.

"Vitalis atasema alipanga yeye. Nyinyi mliniona."

"Tutasimama," alisema Gaudiosa. "Wote. Kama wale."

"Waume zenu je?"

"Dada, wale wamesimama mbele ya risasi, sisi tushindwe kusimama mbele ya Vitalis?"

Scholastica alilala usingizi usiku huo, wa kwanza tangu msiba.

Barazani wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka. Mwenyekiti alimtazama Scholastica kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama, miaka hii yote nani amepanga nyasi kwenye shamba lile?"

"Mimi."

Mabenchi yakacheka.

"Mbona uliniambia mimi mwenyewe, pale kisimani, kwamba ni shemeji yako? Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima ya mume wangu."

"Na leo heshima yake imekwisha?"

Scholastica akageukia mikeka. "Waulizeni akina mama wa ngokela. Waliniona."

"Haya, akina mama. Aliyemwona asimame."

Vitalis hakuwatazama wanawake. Aliwatazama waume zao. Hakuna hata mmoja pale asiyekuwa na kaka, na hakuna kaka asiyekuwa na mke, na shamba la kurithiwa. Mabenchi yakawageukia wake zao. Gaudiosa aliinuka nusu, mkono mmoja ungali kwenye mkeka. Mumewe akakohoa. Gaudiosa akajifunga kanga upya, kana kwamba ndicho kilichomwinua, akakaa.

Mjumbe mmoja alipiga miayo. Shamba likaenda kwa Vitalis.

Scholastica alihurumiwa akaachiwa nyumba. Machi ilipofika, Vitalis alifyeka, akapanga nyasi, akaita ngokela kwa ugali, nyama na pombe. Scholastica alisikia majembe, akatoka mpaka kwenye mibuni.

Nyasi zilikuwa zimepangwa ovyo. Miraba mingine mikubwa kama uwanja, mingine myembamba, mistari imelala kufuata mteremko, mahali ambapo maji yangeshuka bila kizuizi na kuondoka na udongo wote. Hata mtoto wa kijiji kile angejua kwamba mtu huyu hajapanga nyasi maishani mwake. Ushahidi ulikuwa umetandazwa mlima mzima, na wanaume wawili wa baraza walikuwa wameketi juu yake wakingoja nyama.

Wanawake waliuona. Gaudiosa alisimama muda mrefu kwenye mraba uliopinda, akazitazama nyasi, kisha akamtazama Scholastica kule kwenye mibuni. Macho yake yalijaa machozi, kama kule bandani. Akasogea hatua moja kando, akamwachia nafasi yake ya siku zote kwenye mstari.

Yule msichana wa kitambaa cha maua alikuwa tayari amesimama kwenye nafasi hiyo, mikono mitupu.

Scholastica hakushuka. Gaudiosa akainua jembe, na wengine wakainua. Wakaanza ule wimbo wa handakini, vizuri, kwa sauti zote, huku wakizifukia nyasi za Vitalis, mraba kwa mraba.